Ndago, Kivuli na Joto la Udongo

Wakulima wa mboga wa nyanda za joto hapa Tanzania hawahitaji kuelezwa ndago ni nini. Tuta likipaliliwa vizuri leo, kabla wiki haijaisha majani membamba ya kijani kilichokolea huwa yameshachomoza tena, na mara nyingi huwa mengi kuliko yale yaliyong'olewa. Watu wengi huliita jambo hilo ukaidi, na wapo wanaolihusisha hata na mkono wa jirani. Mimi nimefikia kuamini kwamba wingi wa ndago shambani huamuliwa na mambo mawili ambayo mkulima anaweza kuyaona, na akitaka kuyapima: ardhi imefunikwa na mimea kwa kiasi gani, na udongo unapata joto kiasi gani mchana na kupoa kiasi gani usiku. Tena naamini kwamba mambo hayo mawili mwisho wake ni jambo moja, na kwamba palizi zetu nyingi hushindwa kwa sababu hushughulika na majani na kuliacha jambo hilo kama lilivyokuwa.

Ninalima bamia, nyanya na mchicha bondeni Korogwe, mkoani Tanga, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na nina ndugu wanaolima kabichi na karoti Lushoto, kwenye takriban mita 1,400. Kwa gari ni safari fupi ya kupanda mlima, lakini ndago ya huku na ya kule hazilingani. Huku kwetu huchipua mwaka mzima alimradi pana unyevu. Kule juu nimeikuta pembezoni mwa njia na katika bustani za karibu na nyumba, ikiwa fupi na iliyopauka, imezidiwa na magugu yaliyozoea baridi. Udongo wa ndugu zangu ni mzuri kuliko wetu na mvua yao ni nyingi kuliko yetu, kwa hiyo sababu haiwezi kuwa rutuba wala maji. Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za gugu hili kwa makini, badala ya kulichukia tu kama nilivyofundishwa nikiwa mtoto.

Ndago, ambayo jina lake la kitaalamu ni Cyperus rotundus, hufanana na nyasi lakini si nyasi. Ni ya jamii moja na mafunjo, na ukilikata bua la ua lake utaliona lina pembe tatu. Kinachoonekana juu ya ardhi ni sehemu ndogo ya mmea. Chini kuna viazi vidogo vyeusi, vigumu, vyenye harufu kali, vilivyoungana kwa vishina vyembamba, kiazi baada ya kiazi, hata vikafanya mnyororo. Vingi hukaa katika sentimita 15 za juu za udongo, yaani palepale jembe la mkono linapofika. Mbegu zake huota kwa nadra, hivyo uzazi wake hasa hupitia viazi. Mwaka 1977 mtaalamu wa magugu wa Marekani, LeRoy Holm, pamoja na wenzake, waliiweka ndago katika nafasi ya kwanza miongoni mwa magugu yanayosumbua kilimo duniani, na walikuwa na taarifa zake kutoka nchi zaidi ya 90.

Haki yake nayo itajwe. Huko Al Khiday nchini Sudan, karibu na Nile Nyeupe, watafiti walitangaza mwaka 2014 kwamba walikuta mabaki ya ndago katika ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu waliozikwa pale maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya kilimo kuanza na hata baada yake. Watafiti hao waliona kwamba huenda viazi hivyo ndivyo vilivyosaidia meno ya watu wale yasioze sana, kwa kuwa vina viambata vinavyozuia aina ya bakteria wanaoozesha meno. Watu hao walikula kile tunachokitupa, na sidhani kwamba walikuwa wajinga.

Nirudi kwenye lile jambo la kwanza, la ardhi kufunikwa na mimea, yaani msongamano. Mwaka 1953 kikundi cha wanasayansi wa Japani wa Chuo Kikuu cha Jiji la Osaka, kikiongozwa na Tatuo Kira, kilieleza jambo ambalo kila mpanda mchicha amewahi kuliona bila kulipa jina. Ukipanda mbegu mara mbili katika eneo lilelile hupati mavuno mara mbili. Mwanzoni, mimea ikiwa michache, kila mmea unaoongezwa huongeza mavuno, lakini eneo likishajaa jumla ya uzito husimama mahali pamoja, na kila mmea huwa mdogo kadiri majirani wanavyoongezeka. Miaka kumi baadaye Kyoji Yoda na wenzake walionyesha upande wa pili wa jambo hilo: mimea iliyosongamana ikiendelea kukua, midogo hufa na kuiachia nafasi mikubwa.

Nilipolisoma jambo hilo nilifikiria palizi ya haraka haraka, ile inayofanywa na kibarua anayelipwa kwa tuta na mwenye mashamba mengine matatu ya kumaliza siku hiyo. Palizi ya namna hiyo huondoa labda nusu ya mashina ya ndago. Mkulima huangalia na kuona nusu imebaki, akajihesabia kwamba tatizo limepungua kwa nusu. Lakini shamba lililokuwa limejaa ndago lilikuwa limefikia kikomo chake, na kila shina lilikuwa dogo kwa sababu ya wenzake. Ukiondoa nusu, unafanya kwa ndago kile unachokifanya kwa mchicha unapoupunguzia miche: waliobaki hupata mwanga, maji na mbolea ya wale walioondoka, hunenepa, na kila mmoja hutengeneza viazi vingi kuliko ambavyo angetengeneza. Baada ya wiki chache jumla ya viazi ardhini huwa imerudi karibu na pale ilipokuwa. Kwa maoni yangu, palizi ya nusu nusu ya ndago ni gharama isiyonunua kitu.

Nguvu ya kujaza nafasi tupu ni kubwa kupita kiasi. Katika jaribio moja la jimbo la Georgia, Marekani, lililochapishwa mwaka 1962, viazi vilipandwa kwa umbali wa sentimita 90 kutoka kimoja hadi kingine, ambao ni sawa na viazi elfu 12 hivi kwa hekta. Msimu mmoja wa kukua ulipokwisha, mashina na viazi vya ndago vilihesabiwa kwa mamilioni katika kila hekta. Hilo ndilo linalotokea ndago inapokosa jirani.

Kuna pia msongamano mwingine ndani ya mnyororo wenyewe. Kiazi kilicho nchani kikichipua, hutuma ishara za kikemia zinazovifanya vile vingine vilale. Katika mnyororo mmoja mzima unaweza kuona shina moja au mawili juu, huku viazi kadhaa vikiwa hai chini bila kuonyesha dalili yoyote. Jembe linapoukata mnyororo huo vipande vipande, linakata pia amri iliyokuwa ikivituliza, na kila kipande hupata ruhusa ya kuchipua. Hii ndiyo sababu ya kweli ya ile hali niliyoitaja mwanzoni, ya ndago kurudi ikiwa nyingi kuliko ilivyokuwa. Mkono wa jirani haumo.

Msongamano unaoiumiza ndago kweli ni ule wa mimea mirefu kuliko yenyewe. Gugu hili kwa kawaida halipiti urefu wa goti, halina uwezo wa kutambaa juu ya mimea mingine, na linahitaji mwanga mkali. Ni la kundi la mimea ambalo wataalamu huliita C4, pamoja na mahindi, mtama na muwa, yaani mimea inayotengeneza chakula chake kwa ufanisi mkubwa penye jua kali na joto la juu, ambapo nyanya, maharage na kabichi huanza kuchoka. Sifa hiyo hiyo ni udhaifu wake, kwa sababu kivulini faida hiyo hupotea. Ndago iliyofunikwa huongeza urefu wa majani na kupunguza viazi, maana hutumia akiba yake kuutafuta mwanga. Viazi hupungua sana kuliko majani, na kwa mkulima hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa majani ni ya msimu mmoja lakini viazi ni vya miaka.

Mimea haingojei hata kivuli kifike ndipo ijue kwamba ina majirani. Majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha ule mwekundu wa mbali ambao macho yetu hayauoni, na mimea ina chembe maalumu za kupima uwiano wa mianga hiyo miwili. Mwaka 1990 Carlos Ballaré na wenzake wa Argentina walionyesha kwamba miche huanza kurefuka kwa kupokea mwanga uliorudishwa na majani ya jirani, kabla jirani huyo hajaifunika. Kwa hiyo mstari wa mahindi huanza kuzungumza na magugu yaliyo kando yake mapema kuliko tunavyodhani.

Sasa joto. Viazi vya ndago huchipua udongo ukiwa kati ya nyuzijoto 10 na 45 hivi, na hufanya vizuri zaidi kati ya 25 na 35. Hapo jibu la swali langu la Korogwe na Lushoto lilianza kuonekana. Udongo wetu wa bondeni hukaa ndani ya kiwango hicho bora karibu mwaka mzima, na hata Julai, mwezi ambao watu wa pwani huvaa sweta asubuhi, haushuki kiasi cha kuizuia ndago. Kule juu, asubuhi za Juni na Julai hulifanya gugu litambae tu. Marekani nako jambo hilo linaonekana waziwazi: ndago yetu imebaki zaidi katika majimbo ya kusini yenye majira mepesi ya baridi, ilhali ndugu yake Cyperus esculentus, mwenye viazi vinavyovumilia baridi, amefika hadi Kanada.

Lakini wastani wa joto peke yake haukuniridhisha, kwa sababu katika bonde lilelile, siku ileile, tuta tupu hujaa ndago na tuta lililofunikwa na marando ya viazi vitamu hutoa mashina ya kuhesabika. Jibu lilitoka kwa watafiti wa Hawaii, ambao katika miaka ya 1990 walijaribu kuviweka viazi vya ndago katika joto lisilobadilika na vingine katika joto linalopanda mchana na kushuka usiku. Vilivyopata mabadiliko hayo ya kila siku vilichipua kwa wingi na kwa haraka, hata pale ambapo wastani wa joto haukuwa mkubwa, ilhali katika joto tulivu la kadiri sehemu kubwa ya viazi iliendelea kulala.

Mtu afikirie maana ya jambo hilo kwa kiumbe kinachoishi gizani, sentimita kadhaa chini ya ardhi. Kiazi hakioni mwanga mwekundu wala wa aina nyingine. Lakini udongo mtupu hupigwa na jua la mchana hata uso wake ukapita nyuzijoto 50 katika siku kavu za Januari, kisha usiku huachia joto hilo angani na kupoa. Udongo uliofunikwa na majani mazito au matandazo haupandi hivyo wala haushuki hivyo. Kupanda na kushuka kwa joto ndiyo habari pekee inayokifikia kiazi kuhusu hali ya juu, na kwa bahati mbaya yetu ni habari sahihi: kunapokuwa na mabadiliko makubwa, juu hakuna mtu. Hapo ndipo msongamano na joto vinapokuwa jambo moja, kwa kuwa ndago huhisi ukosefu wa majirani kupitia joto la udongo. Tunapopalilia na kuacha tuta jeupe, safi, linalopendeza macho, tunakuwa tumetuma mwaliko chini.

Tangu nilipolielewa hilo nimekuwa nikiangalia nafasi za kupandia kwa jicho jingine. Chukua mahindi. Wataalamu wetu wa ugani hupendekeza, miongoni mwa nafasi nyingine, sentimita 75 kwa 30 ukiacha mche mmoja kila shimo, au sentimita 90 kwa 50 ukiacha miche miwili. Ukikokotoa, zote mbili zinatoa mimea ileile, kama 44,444 kwa hekta. Mkulima anaweza kusema basi ni mamoja, achague ile yenye mashimo machache. Kwa mahindi yenyewe huenda tofauti si kubwa, lakini kwa ndago ni kubwa, kwa sababu katika mpango wa pili miche miwili inagombea mwanga mahali pamoja huku katikati ya mistari kukiwa na njia ya karibu mita nzima inayopigwa na jua kwa wiki nyingi zaidi. Watafiti wa Denmark, akiwemo Jacob Weiner, walionyesha katika ngano jambo linaloelekea huko huko: mbegu nyingi zaidi zikipandwa kwa kusambazwa sawasawa pande zote, magugu hupungua kuliko mbegu zinapobanwa katika mistari iliyoachana. Kwangu mimi hilo linatosha kuchagua mashimo mengi.

Kitunguu ndicho mgonjwa asiye na kinga. Majani yake husimama wima, ni membamba, na hata shamba likiwa limestawi sana jua huendelea kuufikia udongo hadi siku ya kuvuna. Ndiyo maana nawahurumia kwa dhati wakulima wa vitunguu wa maeneo ya joto na umwagiliaji, kama Ruaha Mbuyuni na Mang'ola, kwa kuwa zao lao linaipa ndago kila inachokitaka: maji, mbolea, mwanga, na udongo unaopanda na kushuka joto kila siku. Hakuna nafasi ya kupandia vitunguu itakayoifunika ardhi. Kwa zao hilo vita ni lazima vipiganwe kabla ya kupanda, na hapo joto linaweza kugeuzwa kuwa silaha.

Viazi vya ndago vinastahimili mengi, lakini havistahimili kukauka. Vikiletwa juu katika kiangazi, vikakatwa kutoka katika mizizi yake na kuachwa juani kwenye udongo mkavu, hufa. Huko Alabama, katika miaka ya 1930, watafiti waligundua kwamba shamba likilimwa kila baada ya wiki tatu au pungufu, kwa misimu miwili mfululizo, viazi karibu vyote hutoweka, kwa sababu kila kinachochipua hukatwa kabla hakijatengeneza vipya na akiba ya zamani inakwisha. Siri ni zile wiki tatu. Ndago huanza kutengeneza viazi vipya wiki chache tu baada ya majani kutokeza, na anayepalilia kila mwezi na nusu anavuna majani ya mmea uliokwisha kuzaa. Dawa za magugu zina kikomo hicho hicho: hushuka na kuua kiazi chenye majani, lakini vile vilivyolala katika mnyororo havina jani la kuipokea.

Kuhusu nailoni, nimeona wakulima wakinunua ile nyeusi kwa bei kubwa wakitumaini kwamba itaizuia ndago. Huzuia magugu mengine vizuri sana. Ndago ina ncha kali inayopanda ikiwa imejikunja gizani, na hutoboa nailoni nyeusi bila shida. Utafiti uliofanywa Florida ulionyesha kwamba nailoni angavu hufanya kazi kwa njia tofauti: mwanga unaopita huifanya ncha ifunguke na kuwa majani kabla haijaigusa nailoni, na majani laini hayawezi kutoboa, hivyo hunaswa chini yake na kuungua kwa joto lililokusanyika. Nailoni angavu iliyotandazwa kwa kubanwa juu ya udongo uliolainishwa na kumwagiwa maji, katika miezi ya jua kali, huviamsha viazi kwa joto na kuyaua machipukizi kwa joto hilo hilo. Bondeni kwetu Januari na Februari zinafaa. Lushoto nisingeshauri mtu atumie fedha zake kwa hilo.

Kwa asiye na fedha ya nailoni, mimea ya kufunika inabaki kuwa njia ninayoiamini zaidi. Mukuna, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, hufunika haraka na kuacha kivuli kizito. Kunde zinazotambaa zinafaa pia na zinaliwa. Viazi vitamu hufunika vizuri sana, ila nina tahadhari moja: vishina vya ndago hutoboa viazi vyenyewe, na kiazi kilichotobolewa hakipati bei sokoni, kwa hiyo tumia marando mahali ambapo ndago imeshapungua. Kwa vyovyote vile, mmea wa kufunika upandwe siku ileile ya kusafisha shamba au kesho yake, kwa nafasi ya karibu kuliko kawaida, na palizi ya kwanza ifanywe ndani ya wiki tatu, wakati majani yake bado hayajakutana. Yakishakutana, ndago iliyobaki chini iachwe ilivyo, isichimbwe, kwa sababu mnyororo uliolala kivulini katika udongo wenye joto tulivu una madhara machache kuliko mnyororo uliokatwa vipande.

Ndugu zangu wa Lushoto wamekuwa wakichukua miche ya nyanya na pilipili hoho kutoka vitalu vya huku chini, pamoja na udongo wake. Nimewaomba waache. Viazi vya ndago husafiri ndani ya udongo huo bila kuonekana, na kila nyuzijoto moja inayoongezeka milimani inapunguza kinga waliyokuwa nayo bure. Bustani za chini kidogo ya mji, zenye kuta za mawe zinazohifadhi joto na matuta yaliyo wazi kati ya misimu ya kabichi, ndiko ninakohofia itaanzia, na ndiko ninakowashauri wapande kunde au fiwi mara tu kabichi zinapotolewa.